Ebola iliondoka Beni na Butembo, lakini macho ya waliopona bado yanahitaji mganga

Tarehe 25 Juni 2020, serikali ya Kinshasa ilitangaza kwamba mlipuko wa kumi wa Ebola katika historia ya nchi yetu umekwisha. Ulitangazwa rasmi tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, ukaingia Beni, ukashuka hadi Butembo na Katwa, ukavuka hadi Ituri. Kwa karibu miaka miwili ulishika watu 3,470 na kuua 2,287. Kisha magari ya Riposti yakaondoka, mahema ya CTE yakafumuliwa, na ndoo za maji ya klori zikatoweka mbele ya maduka. Watu zaidi ya 1,100 walirudi kwao wakiwa na karatasi inayothibitisha kwamba wamepona.

Maoni yangu ni haya: karatasi ile haikumaliza kazi. Virusi vya Ebola vinaweza kutoka katika damu ya mtu na bado jicho lake likabaki uwanja wa mapambano. Mapambano hayo huanza wakati mwingine bila kelele nyingi, na mtu akija kugundua, sehemu ya mwanga imekwisha kupotea. Njia ya kuyaona mapema ni kuangalia ndani ya jicho kwa chombo kinachofaa, tena kwa kurudia. Beni na Butembo zinahitaji huduma hiyo kama kazi ya kila siku ya hospitali, isiyotegemea ziara ya wageni wala kurudi kwa mlipuko. Na ikishapatikana, mlango wake ufunguliwe kwa wakaaji wote, kwa sababu macho ya mama na papa zetu wenye umri mkubwa nayo yanaharibika kimya kimya, na kinga ya mwili ina mkono wake humo pia.

Askari ndani ya chumba kidogo

Ili tuelewane, tuanze na jicho lenyewe. Jicho ni kitu laini. Nyuma yake kuna retina, ngozi nyembamba inayopokea mwanga kama vile filamu ya kamera za zamani. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo sana inayoitwa makula. Ni makula inayotuwezesha kusoma, kutia uzi kwenye sindano, kutambua sura ya mtu na kuhesabu franga sokoni. Makula ikiharibika, mtu huona pembeni lakini katikati ni doa.

Kwa kuwa jicho ni laini hivyo, mwili umeliwekea utaratibu wa pekee. Kinga ya mwili, yaani jeshi linalopigana na magonjwa, hairuhusiwi kuingia humo na kupiga ovyo kama inavyofanya kwenye kidonda cha mguu. Utaratibu huo hutulinda siku zote. Lakini una upande wa pili: kirusi kikiingia ndani ya jicho, kinaweza kujificha humo hata baada ya kufukuzwa katika damu. Jeshi likiamua hatimaye kuingia, mapigano yanafanyika ndani ya chumba kidogo chenye vyombo vya thamani. Watu wa Beni hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Wanajua shamba linavyobaki baada ya mapigano, hata kama adui amefukuzwa.

Waganga wanaita uvimbe huo wa ndani ya jicho uveiti. Dalili zake ni maumivu ya jicho, wekundu, kushindwa kuvumilia mwanga, machozi mengi, kuona ukungu au kuona vitu vidogo vyeusi vikielea. Usipotibiwa, unaweza kuleta mtoto wa jicho, kupandisha presha ya ndani ya jicho, kuacha makovu kwenye retina na mwishoni kuzima mwanga kabisa.

Elimu hii ilianzia Kongo

Wapo wanaodhani kwamba habari hizi zimetoka ng'ambo. Sivyo. Baada ya mlipuko wa Kikwit mwaka 1995, waganga walifuatilia kundi la waliopona watu 20. Watatu kati yao, pamoja na mwingine mmoja nje ya kundi hilo, walirudi na ugonjwa wa macho baada ya kukaa karibu mwezi mzima bila dalili yoyote. Wote wanne walikutwa na uveiti. Wakatibiwa kwa matone ya atropini na matone ya kortizoni, na wote wakapata nafuu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999. Kwa hiyo tangu miaka ya tisini, nchi hii ilikuwa na maarifa mawili mkononi: macho ya aliyepona Ebola yanaweza kugeuka adui baadaye, na dawa zinazosaidia ni za kawaida, mradi mgonjwa apatikane mapema.

Dunia iliamka zaidi mwaka 2014. Mganga mmoja Mmarekani, Ian Crozier, aliugua Ebola akiwa kazini Sierra Leone, akatibiwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Emory, akapona na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Miezi michache tu baadaye jicho lake la kushoto lilianza kuuma na kupoteza nguvu. Waganga walipochukua maji kutoka ndani ya jicho hilo, walikuta virusi vya Ebola vikiwa hai, wakati damu yake ilikuwa safi. Rangi ya jicho lake iligeuka kutoka buluu kuwa kijani. Baada ya matibabu, uwezo wa kuona ulirudi.

Katika habari hiyo kuna jambo ambalo lazima lisemwe kwa sauti katika kartie zetu: machozi ya Crozier, na ngozi ya nje ya jicho lake, vilipimwa na havikuwa na virusi. Kumshika mkono mtu aliyepona, kula naye au kumfuta mtoto wake machozi hakukuleta hatari kutoka kwenye jicho. Baadaye, nchini Sierra Leone, watafiti walipima maji ya ndani ya macho ya watu 50 waliopona kabla ya kuwafanyia operesheni ya mtoto wa jicho. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na virusi, na operesheni zikaendelea. Anayekataa kumtibu jicho mshindi wa Ebola kwa kuogopa tu, anakwenda kinyume na ushahidi uliopo.

Halafu kuna Liberia. Huko waliopona walifuatiliwa kwa miaka pamoja na jamaa zao wa karibu ambao hawakuugua, ili kulinganisha. Mwanzoni mwa ufuatiliaji, asilimia 26 ya waliopona walikuwa na uveiti, wakati kwa jamaa zao ilikuwa asilimia 12. Baada ya mwaka mmoja, hesabu ilipanda hadi asilimia 33 kwa waliopona na asilimia 15 kwa jamaa. Tusome namba hizo polepole. Kwanza, ugonjwa uliongezeka baada ya mwaka, haukupungua. Mtu aliyepimwa mara moja na kuambiwa yuko salama anaweza kuwa mgonjwa mwaka unaofuata. Pili, hata wale ambao hawakuugua Ebola, zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa na tatizo hilo. Hiyo inatuambia kwamba ugonjwa wa macho katika nchi zetu ni mkubwa kuliko Ebola.

Beni ilipata mwanzo mzuri

Haki itendeke: kwetu jambo hili halikusahauliwa kabisa. Mwishoni mwa Machi 2019, mlipuko ukiwa bado unaua, Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani, OMS, walifungua kliniki ya macho Beni kwa ajili ya waliopona. Wataalamu kutoka vyuo vikuu vya Emory na North Carolina vya Marekani walifanya kazi pamoja na waganga wa macho Wakongomani. Ndani ya siku chache waliwapima watu zaidi ya 250. Ilikuwa hatua kubwa. Katika Afrika ya Magharibi, watu wengi walisubiri muda mrefu baada ya kupona ndipo wakapata mtu wa kuwaangalia macho.

Tukumbuke pia hali ya wakati ule. Mwezi mmoja kabla, mwishoni mwa Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili mwaka huohuo, mganga wa OMS kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben hapa Butembo. Wakaaji wengi hawakuiamini Riposti. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulikuwa umeahirishwa Beni na Butembo kwa sababu iliyotajwa kuwa Ebola na usalama, na maneno ya «biashara ya Ebola» yalikuwa kila kona. Katika moshi huo wote, kuna watu walikaa kwenye viti na kuangaliwa macho yao mmoja baada ya mwingine. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayojenga imani, kwa sababu mtu anaona kwamba anahudumiwa yeye kama mtu.

Nalipima jambo hili kwa swali moja tu. Je, mtu aliyepona Ebola akiamka leo na jicho jekundu, anajua mlango gani wa kugonga, na akiugonga, atakuta mtu mwenye chombo cha kuangalia ndani ya jicho? Huduma inayostahili kuitwa huduma ni ile ambayo jibu lake ni ndiyo, mwaka wowote, awe na franga au asiwe nazo.

Mshindi si hatari ya kulindwa dhidi yake

Tangu mlipuko mkubwa uishe, Ebola imerudi kwetu mara tatu. Februari 2021 ilitokea upande wa Butembo, katika eneo la afya la Biena. Oktoba 2021 ilitokea Beni, katika kartie ya Butsili. Agosti 2022 ilitokea tena Beni. Uchunguzi wa virusi ulionyesha uhusiano na mlipuko wa 2018 hadi 2020. Tangu hapo, tukiongea habari za waliopona, mara nyingi tunaongea kana kwamba ni moto uliofunikwa kwa majivu.

Hapo ndipo tunapokosea kama jamii. Tukimfuata aliyepona kwa ajili ya usalama wetu pekee, atachoka na kujificha. Tukimfuata kwa ajili ya afya yake, atakuja mwenyewe. Mtu anayejua kwamba kila mwaka atapimwa macho, atapewa dawa na kusikilizwa, ana sababu ya kurudi hospitalini, na akirudi, vipimo vingine vyote vinawezekana. Kliniki ya macho ni huruma, na ni akili pia.

Tena tusisahau tunaongea juu ya nani. Ni walewale waliowabeba watoto wa akina mama waliokuwa CTE, katika nyumba za kulelea watoto za Beni na Butembo, kwa sababu miili yao ilikuwa na kinga na wao hawakuogopa. Ni damu ya mtu mmoja aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995 iliyotoa kinga ambayo INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa Marekani waliigeuza kuwa dawa ya mAb114. Dawa hiyo ilijaribiwa hapa kwetu, kuanzia Novemba 2018, ikaonekana kuokoa watu. Kinga ya mwili wa waliopona iliifaa dunia nzima. Kinga hiyohiyo inapowageuka ndani ya macho, hatuwezi kuwaambia wajitegemee.

Wazee wetu nao

Kuna kundi la pili ambalo linahitaji mlango huohuo. Ni watu waliopita miaka 50. Wengi wakianza kushindwa kuona, tunasema ni uzee, basi. Wengine kweli wana mtoto wa jicho, ambao operesheni inauondoa. Lakini wengine makula yao inachakaa.

Kwa muda mrefu ugonjwa huo wa makula ulionekana kuwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika Nakuru, nchini Kenya, ulivunja dhana hiyo. Kati ya watu wenye miaka 50 na zaidi ambao picha za ndani ya macho yao zilisomeka, asilimia 11 walikuwa na hatua ya mwanzo ya ugonjwa, na asilimia 1 na kidogo walikuwa na hatua ya mwisho. Nakuru si Butembo, lakini sioni sababu ya kuamini kwamba mlima Rwenzori umetukinga sisi.

Hatua hiyo ya mwanzo ndiyo yenye somo. Mgonjwa haoni tofauti yoyote, au anaona kidogo sana. Anaweza kusoma Biblia yake na kuendesha moto yake. Lakini kwenye picha ya retina kuna madoa ya njano, waganga wanayaita druzeni, na rangi ya makula imeanza kubadilika. Mashine ya OCT, ambayo imekuwepo tangu 1991 na hupiga picha ya retina tabaka kwa tabaka kwa kutumia mwanga tu bila kugusa jicho, huonyesha zaidi: nukta ndogo zinazong'aa ndani ya retina, ambazo watafiti wanafikiri baadhi yake ni chembe za kinga zilizoitwa kazini.

Kwa nini kinga iitwe pale? Mwaka 2005, makundi matatu ya watafiti yalichapisha kwa wakati mmoja ugunduzi uleule: watu wengi wenye ugonjwa wa makula wana tofauti katika jeni moja inayofanya kazi ya breki. Breki hiyo inazuia sehemu ya kinga iitwayo komplementi, kundi la protini za damu zinazoweka alama kwenye vitu vinavyopaswa kuharibiwa. Breki ikiwa dhaifu, kinga inaendelea kuunguza pole pole, miaka na miaka, pale ambapo ingetosha kusafisha na kuondoka. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kwanza zinazofunga komplementi kwa sindano ndani ya jicho. Zinapunguza kasi ya ugonjwa uliofika mbali. Hazirudishi mwanga uliopotea. Neno hilo la mwisho ndilo linalotuhusu. Kilichopotea kwenye makula hakirudi. Anayesaidika ni yule aliyeonekana mapema.

Sisemi kwamba uveiti ya Ebola na kuchakaa kwa makula ni ugonjwa mmoja. Ya kwanza ni moto mkali, ya pili ni kaa la chini ya majivu. Sababu ni tofauti na dawa ni tofauti. Matone ya kortizoni yanayomsaidia mwenye uveiti hayamsaidii mzee mwenye makula iliyochakaa. Ninachosema ni kwamba katika yote mawili kinga ya mwili inashiriki kuharibu, katika yote mawili dalili za kwanza zinaonekana ndani ya jicho kabla ya hasara kubwa, na chombo cha kuziona kinaweza kuwa kilekile kimoja, kwenye chumba kilekile kimoja.

«Watu wanauawa, nyinyi mnaongea macho?»

Najua jibu ambalo baadhi ya wasomaji wametayarisha. Eneo la Beni linahesabu wafu wa mashambulizi ya ADF kwa miaka mingi. Wahamiaji wamejaa Lubero na Butembo. Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kwenda kule kutafuta mtaalamu si safari ya kawaida tena. Katika hali hii, nani ana nafasi ya kufikiria picha za retina?

Nageuza swali hilo. Mtu asiyeona anakimbiaje usiku kijiji kinaposhambuliwa? Katika ukimbizi, nani anamshika mkono? Kwa kawaida ni mtoto, na mtoto huyo ndiye anayeacha masomo. Mama anayeuza sombe sokoni akipoteza macho, nyumba nzima imepoteza mkate. Mkulima wa kakao asiyeweza kutofautisha tunda bivu na bovu amekwisha. Vita haviondoi haja ya macho, vinaiongeza. Na kufungwa kwa njia ya Goma ndiyo sababu kubwa ya kuwa na huduma hapa, kwa vile mgonjwa hawezi tena kutumwa mbali kirahisi.

Wengine watasema fedha hakuna. Mashine ya OCT kweli ni ghali. Lakini kazi haianzi na OCT. Inaanza na ubao wa herufi, taa ya kuangalia ndani ya jicho, mwuguzi aliyefundishwa, na kamera ya kupiga foto ya retina ambayo picha yake inaweza kutumwa kwa intaneti hadi kwa mtaalamu aliye mbali. Kenya imeonyesha kwamba inawezekana. Huko Kitale, walimu 25 wa shule, ambao hawakuwa waganga, walifundishwa kutumia simu kupima macho, na kwa muda usiofika majuma mawili wakapima watoto wapatao 21,000. Kama mwalimu anaweza, mwuguzi wa kituo cha afya cha Mangina au Katwa anaweza.

Nini kifanyike

Uongozi wa jimbo sasa unafanya kazi ukiwa Beni. Wakubwa hawana sababu ya kusema hawaoni. Nina mapendekezo manne.

La kwanza, kila mtu aliyepona Ebola katika maeneo ya afya ya Beni, Mabalako, Butembo, Katwa na mengineyo awe na haki ya kupimwa macho mara moja kwa mwaka bila malipo, awe anaumwa au haumwi. Watoto wapewe nafasi ya mbele. Mtoto mdogo hawezi kusema «ninaona ukungu», mzazi anaona tu kwamba anaanguka hovyo au anakwepa jua.

La pili, Beni iwe na chumba kimoja cha macho chenye kamera ya retina, na Butembo kimoja, katika hospitali ya umma, chini ya mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Vifaa viandikwe kuwa mali ya hospitali. Chombo kinachokuja na mradi kisiondoke na mradi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kina kitivo cha uganga. Wanafunzi wake wajifunze kusoma picha hizo kwa wagonjwa wa kwao.

La tatu, mlango uwe mmoja. Aliyepona Ebola, mzee wa miaka 60, mwenye ugonjwa wa sukari na mwenye presha wapange mstari mmoja. Chumba chenye bango la Ebola kitakimbiwa. Chumba cha macho cha wote hakimwaibishi mtu.

La nne, uuzaji wa matone ya kortizoni bila karatasi ya mganga udhibitiwe. Dawa hiyo huokoa jicho lenye uveiti, lakini ikitiwa muda mrefu bila uangalizi inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na ikitiwa kwenye jicho lenye maambukizi mengine inaweza kulimaliza. Jicho jekundu halitibiwi kwa kubahatisha farmasini, wala kwa maji ya majani.

Wakati tukingoja serikali, kuna mambo ambayo msomaji anaweza kufanya mwenyewe. Kama ulipona Ebola, au una ndugu aliyepona, maumivu ya jicho, wekundu, ukungu au kuogopa mwanga si mambo ya kusubiri juma lingine; nenda kwa mganga na umwambie wazi kwamba ulipona Ebola, ili ajue anatafuta nini. Kama umepita miaka 50, chukua daftari la miraba la mtoto wa shule, weka nukta katikati ya ukurasa, vaa miwani yako ya kusomea kama unayo, ushike daftari umbali wa kusoma. Funika jicho moja, uangalie nukta kwa lile lingine, halafu ubadilishe. Kama mistari inapinda, au kuna sehemu ya ukurasa imepotea, usiseme ni uzee. Tafuta mganga wa macho. Ujue pia kwamba kipimo hicho hakioni kila kitu: hatua ya mwanzo inaweza kupita bila mstari hata mmoja kupinda, na ndiyo maana tunadai kamera.

Kama unavuta sigara, acha, kwa sababu sigara ni mojawapo ya vitu vinavyojulikana wazi kuongeza hatari ya ugonjwa wa makula. Sombe na lengalenga hazitibu makula iliyoharibika, lakini mboga za majani zina rangi za asili zilezile zinazokusanyika ndani ya makula, na hazina hasara.

Mwaka 2025 Ebola ilizuka tena Bulape, jimboni Kasai, na huko nako kuna waliopona. Kama sisi wa Beni na Butembo, tuliopitia mlipuko mkubwa kuliko yote ya nchi hii, hatujaweka utaratibu wa kufuatilia macho ya watu wetu, watu wa Kasai wataiga nini? Kuanzia Kikwit hadi Butsili, Kongo imewafundisha watu wa dunia mengi juu ya ugonjwa huu. Waliopona wanayo haki ya kuona matunda ya mafundisho hayo, na waone kwa macho yao wenyewe.